Nani Hastahili Kuitwa Mkimbizi?

Ndugu zangu, karibuni. Tuanzie darajani. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, huku kwetu Tanzania, wakati mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakiendelea kwao. Mapanga yalirundikana pale mpakani. Wauaji waliokuwa wameyashika walipita pamoja na akina mama na watoto, wakapiga kambi Benaco, wakala mgawo uleule.

Sheria ilikuwapo. Ibara ya 1F ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inamnyima hifadhi mtu ambaye kuna sababu nzito za kuamini kwamba alitenda uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya amani au dhidi ya ubinadamu. Au kosa zito la jinai lisilo la kisiasa kabla hajapokelewa. Au vitendo vinavyopingana na malengo ya Umoja wa Mataifa. Mkataba wa OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa 1969 ukayaongeza na malengo ya OAU yenyewe.

Shikeni maneno hayo, "sababu nzito". Msaili, yule anayemhoji mwomba hifadhi, halazimiki kungoja hukumu ya mahakama. Lakini umbea wa kwenye foleni ya maji nao hautoshi.

Mchukueni Sylvestre Gacumbitsi, kiongozi wa komini ya Rusumo, ng'ambo tu ya mto. Watutsi waliokimbilia kanisa la Nyarubuye waliuawa humo, naye akiwa miongoni mwa waliowaongoza wauaji. Alikamatwa Juni 2001. Wapi? Katika kambi ya wakimbizi, Kigoma! Miaka saba nzima. Mahakama ya Arusha, ile ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, ilimfunga miaka 30 mwaka 2004. Rufaa ya 2006 ikafanya kifungo cha maisha.

Sasa geuzeni shilingi. Desemba 1996 serikali yetu, pamoja na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla mwezi haujaisha. Wote. Waliingia bila kuchambuliwa, wakatolewa bila kuchambuliwa. Mimi naliona hilo kosa moja lililotendwa mara mbili, maana 1F humhukumu mtu, haihukumu umati wala kabila. Mke wa muuaji ana dai lake mwenyewe, na asikilizwe peke yake. Cheo nacho hakitoshi: lazima ijulikane alifanya nini, aliamuru nini, alijua nini.

Tena aliyenyimwa hadhi ya ukimbizi hapandishwi lori kesho yake asubuhi. Nchi iliyoridhia Mkataba dhidi ya Mateso wa 1984, kama Kenya au Uganda, haiwezi kumrudisha palipo na hatari ya kweli ya kuteswa, hata awe na damu mikononi. Ashtakiwe, au apelekwe panapoweza kumshtaki. Najua hili linawakera wengi. Hata mimi lilinikera nilipolisoma mara ya kwanza.

Kigumu zaidi ni kijana wa miaka 14 aliyeshikishwa panga huku naye ametishiwa kuuawa. Msaili ambaye faili lake limejaa watu wa namna hiyo hamalizi kwa saa moja, na hapo ndipo ningependa maswali yenu yaanzie.