Mali kwa Mali, na Mali Bila Badali

Asalaam aleikum, ndugu zangu, akina mama na akina baba.

Mikataba ya mali katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, ina milango miwili. Wa kwanza ni kubadilishana: kuuza, kukodisha, kubadili fedha. Wa pili ni kutoa bila badali: sadaka, hiba (zawadi), wakfu, na mkopo mwema, yaani kardhi. Magomvi mengi huzaliwa mtu anapoingia kwa mlango mmoja akitaka kutokea kwa mwingine.

Biashara haidai usawa siku zote. Gunia la mchele utaliuza kwa bei mliyopatana. Usawa hudaiwa jinsi moja, yaani aina moja ya mali, inapokutana na jinsi yake. Hadithi ya sahaba Ubada bin Samit imetaja vitu sita: dhahabu, fedha (ile madini), ngano, shayiri, tende na chumvi. Kipimo kiwe sawa, na mkono kwa mkono. Jinsi zikitofautiana, kiasi ni hiari yenu, ila makabidhiano ni papo hapo. Wanazuoni wengi wa leo wanazihesabu noti vivyo hivyo. Basi anayechukua dola pale Eastleigh leo, shilingi akaahidi kuzileta Ijumaa, ameingia kwenye riba. Na makanga akitoa noti ya 1,000 kutafuta chenji, akapewa sarafu za 950, zile 50 ni riba, hata kama ameridhia.

Sahaba Bilal alitoa pishi mbili za tende duni akapata pishi moja ya tende nzuri. Mtume (s.a.w.) alimkataza, akamwelekeza auze zile duni, kisha anunue nzuri kwa thamani yake. Mama mwenye bangili kuukuu ya gramu 12 anayetaka mpya ya gramu 10 afanye hivyo hivyo kwa sonara: auze, apokee pesa zake kamili, awe huru kwenda hata duka la pili, ndipo anunue.

Kardhi inatatiza zaidi, kwa sababu mali hurudi lakini nia ni ya kutoa. Umekopesha 10,000, utarudishiwa 10,000. Ada halisi ya kutuma pesa kwa simu mkopaji anaweza kuibeba. Hiyo si faida yako. Sharti la ziada, hata la kubebwa bure kwenye gari lake, linaharibu. Lakini mkopaji akizidisha kwa hiari yake wakati wa kulipa, bila sharti, ni wema: Mtume alikopa ngamia mchanga akalipa aliye bora kuliko yule. Chama cha watu 10, kila mmoja 5,000 kwa mwezi, anayefikiwa akabeba 50,000, ni kukopeshana sawa kwa sawa. Kinachokiharibu ni kuuziana zamu. Mwenzako ana mgonjwa hospitalini nawe unamdai 3,000 ili umpishe? Mpishe bure, tafadhalini.

Hiba nayo inataka tamko la kutoa, kukubali, na kukabidhi. Ukishurutisha malipo yanayojulikana, kwa madhehebu ya Shafii hayo yamekuwa mauzo, na hukumu za mauzo zinafuata. Hapa usawa unahamia kwingine: kati ya wapokeaji. Babake Nu'man bin Bashir alipompa mwanawe zawadi, Mtume alimuuliza kama amewapa wanawe wote mfano wake. Hakuwa amewapa, na Mtume akakataa kuishuhudia.

Kinachosahaulika zaidi ni kukabidhi. Abubakar alimpa binti yake Aisha tende za wasaki 20 (wasaki ni kipimo cha mazao) zikiwa bado mitini. Alipokaribia kufa, naye Aisha hajazichuma, alimwambia kwamba sasa ni mali ya warithi. Kwa hiyo baba anayesema "nyumba hii ni yako" huku kodi anaendelea kupokea yeye na funguo ziko kwake, hajakamilisha kitu. Aandike mbele ya mashahidi, akabidhi funguo, awaambie wapangaji wamlipe mmiliki mpya, na hati ihamishwe kwenye ofisi ya ardhi yeye mwenyewe akiwa hai na mzima.