Jukwaa refu la Albury

Habari zenu ndugu zangu. Wazee wangu wa Kigoma na Ujiji, shikamooni. Leo nimevuka mto kutoka kwangu Wodonga, nimekuja hapa stesheni ya treni ya Albury, huku Australia. Ngoja nigeuze kamera mlione hili jukwaa. Mnaona linakoishia, kule mbali? Lina zaidi ya mita 400, na urefu huo una kisa chake.

Australia haikuwa nchi moja. Yalikuwa makoloni sita ya Mwingereza, kila moja na bunge lake na ushuru wake. Hapa niliposimama ni New South Wales. Nilikolala jana, ng'ambo ya mto Murray, ni Victoria. Reli ya Victoria ilikuwa na upana wa milimita 1,600, ya huku milimita 1,435. Kwa hiyo treni ya Melbourne ikifika hapa, basi. Abiria anaamshwa usiku, anashuka na watoto na mabegi, anavuka jukwaa kupanda treni nyingine, na watu wa forodha wanamngoja wampekue. Sisi tuliokulia karibu na Manyovu, mpakani na Burundi, tunaijua adha hiyo.

Wakubwa walianza kuzungumza. Mwaka 1889 Henry Parkes, kiongozi wa serikali ya New South Wales, alihutubia mji wa Tenterfield akitaka makoloni yaungane. Mwaka 1891 wajumbe wa mabunge wakakutana Sydney, wakaandika rasimu ya katiba. Ikawekwa kabatini, ikalala.

Walioiamsha ni watu wa mpakani. Mwaka 1893, pale Corowa, mji mdogo kwenye mto huuhuu, mwanasheria John Quick alisimama mkutanoni akatoa hoja: wananchi wenyewe wachague wajumbe wa kuandika katiba, kisha katiba irudi kwao waipigie kura. Jamani, hapo ndipo ninapopapenda mimi! Fikirini, hoja ya kuzaa nchi inatoka kwenye kamji ka mtoni, kwa watu waliochoka kulipia ushuru kila wakivuka daraja.

Na kura zikapigwa kweli. Mwaka 1898, New South Wales, Ndiyo zilikuwa 71,595 na Hapana 66,228. Ndiyo ni nyingi, lakini sheria ya koloni hilo ilitaka zifike 80,000. Ikaanguka. Hakuna aliyelazimisha. Viongozi wakarudi mezani, wakarekebisha, na mwaka uliofuata Ndiyo zikapita 107,000. Western Australia ndiyo iliyochelewa kuliko wote, ikakubali Julai 1900. Tarehe 1 Januari 1901 taifa likatangazwa Sydney, Edmund Barton akiwa waziri mkuu wa kwanza.

Ndugu zangu wa Unguja na Pemba, hili najua litawagusa: mdogo alijilindaje? Tasmania, kadogo kuliko wote, ilipewa maseneta sita, yaani wajumbe wa baraza la juu la bunge, sawasawa na New South Wales. Leo ni 12 kwa 12.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya. Wawiradjuri, wenyeji wa ardhi hii ninayoikanyaga, katiba ilisema kwenye hesabu ya watu wa nchi wasihesabiwe. Mtu na nchi yake, hahesabiwi! Kifungu hicho kilifutwa kwa kura ya maoni ya mwaka 1967, Ndiyo zikapita asilimia 90. Na bunge jipya, mwaka uleule wa 1901, lilitunga sheria ya uhamiaji: mgeni asiyetakiwa anasomewa imla ya maneno 50, kwa lugha ya Ulaya anayoitaka ofisa. Unakijua Kiingereza? Atakusomea lugha nyingine. Imla hiyo ilidumu hadi 1958. Ningekuja mimi enzi hizo, kwa ngozi yangu hii, ningerudishwa nikiwa bado bandarini. Inaniuma, maana wale waliodai sauti yao isikike ndio haohao walioziba za wengine.

Julai 2020, wakati wa korona, mpaka huu ulifungwa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1919. Nilikuwa napanga foleni darajani na kibali mkononi, niende kazini ndani ya nchi ileile. Siku hizo niliwafikiria sana watu wa Corowa.

Haya, treni ya Melbourne hiyo inaingia, mnaisikia? Inatoka Sydney. Tangu 1962 inapita moja kwa moja. Tazameni dirisha lile, kuna mtoto kalala, na hakuna atakayemwamsha.