Sidii Nne Kutoka Sanduku la Mjomba

MWANAIDI: Assalamu alaikum msikilizaji, karibu tena barazani petu. Leo Salim kaja na kikapu, na tangu aingie hajakiweka chini.

SALIM: Siwezi, Da Mwanaidi. Mjomba alifika kutoka London wiki iliyopita. Akafungua sanduku, akatoa majaketi ya watoto, akatoa chokoleti, na chini kabisa akanitolea sidii nne. Zote taarab ya hapa Mombasa. Alikuwa akizinunua moja moja kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, miaka na miaka, akiniwekea.

MWANAIDI: Mashallah. Hebu zitaje.

SALIM: Ya kwanza ni ya Zein l'Abdin, *Mtindo wa Mombasa*. Ya pili Maulidi Musical Party, kundi la mwimbaji Maulidi Juma, *Mombasa Wedding Special*. Hizo zote mbili za mwaka 1990, kampuni ya GlobeStyle ya London. Ya tatu ni Zuhura Swaleh, *Jino la Pembe*, kampuni iyo hiyo. Ya nne yatoka Paris, Buda Musique, ule mfululizo wao wa *Zanzibara*. Hii ni namba mbili, mkusanyo wa taarab ya Mombasa ya 1965 hadi 1975.

MWANAIDI: Na umezisikilizia wapi? Laptopu za siku hizi hazina hata pa kutilia sidii.

SALIM: Nilizunguka Bondeni nzima! Mwisho jirani akanipa deki yake ya dividi, nikaiunganisha na spika. Ile ya Maulidi ilikuwa na mikwaruzo, wimbo mmoja ukawa waruka. Nikaipangusa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha. Ukizungusha waufuata ule mstari wa muziki na waweza kuuharibu zaidi. Ikatulia.

MWANAIDI: Haya, anza na Zein.

SALIM: Da Mwanaidi, mimi Zein nimekuwa naye tangu utotoni, lakini kwenye kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, nayo imenakiliwa kutoka nyingine. Udi wake, ile ala ya nyuzi aipigayo, nilikuwa nausikia kama uko chumba cha pili, mlango umefungwa. Juzi nimesikia ukucha ukigusa uzi. Nimemsikia akipiga nyuzi za chini kwa dole moja zito, halafu anasita kidogo kabla hajaingia na sauti. Kule kusita sikuwahi kujua kuwa kupo. Nililia, sikufichi.

MWANAIDI: Na maneno je? Maana Zein ni mzaliwa wa Lamu. Alikuwa akiimba mashairi ya kale ya kule, na ya washairi kama Sheikh Ahmed Nabhany. Kwenye kaseti zetu maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu, yalikuwa yakimezwa na mvumo.

SALIM: Hapo ndipo nilipofaidi. Anapotamka *moya* wasikia *moya*, hulazimiki kukisia kama ni *moja* imekatika. Nilisikiliza wimbo mmoja mara tano, na mara ya tano ndio fumbo lilinifungukia. Kumbe kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikiimba neno sivyo!

MWANAIDI: Na Bi Zuhura?

SALIM: Bi Zuhura ni chakacha, ile ngoma ya harusi ya kina mama wa pwani, mwili wenyewe wainuka. Kilichonishika ni taishokoto. Vijana wengi hawajaiona kwa macho. Ni kisanduku kirefu chenye nyuzi, na juu yake vitufe kama vya taipureta. Mkono mmoja wabonyeza, mwingine wachapa nyuzi. Asili yake Japani, ilibuniwa kule mwaka 1912, kisha ikaenea hadi India na ikafika pwani hii. Pembeni ya sauti ya Bi Zuhura yalia kama ndege mkali. Taarab ya Unguja, na fidla zake nyingi na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ni tamu, siipingi. Lakini taishokoto juu ya ngoma ya chakacha, hiyo ni Mombasa.

MWANAIDI: Kweli kabisa. Sasa hiyo ya Paris.

SALIM: Hiyo nyimbo zake ni fupi, kwa sababu zatoka enzi za santuri ndogo. Upande mmoja wabeba dakika tatu, nne, basi. Mwimbaji aingia, asema lake, atoka. Nimezipenda, lakini zaniacha na njaa.

MWANAIDI: Na ya Maulidi? Maana hiyo yajiita ya harusi.

SALIM: Nimeiweka mwisho kwa makusudi. Mwenyewe Maulidi aimba vizuri mno, na ala zote zasikika, kila moja mahali pake. Lakini...

MWANAIDI: Hamna harusi ndani.

SALIM: Umejuaje?

MWANAIDI: Mdogo wangu, mimi Maulidi nimemsikia harusini, nimekaa kwenye mkeka na kina mama. Wimbo mmoja waweza kwenda robo saa. Yuaimba ubeti, mwanamke ainuka taratibu na noti yake mkononi, aenda kumtuza huku akicheza. Mwimbaji akiona hivyo aurudia ubeti ule ule, maana ameshajua kuna mtu umemgusa. Na sisi tuliokaa twatazamana, twajua ubeti ule wamwendea nani. Halafu vigelegele. Urefu wa wimbo hupangwa na wale wanaotuza. Kule studio nani atainuka?

SALIM: Ndicho nilichokikosa, nikashindwa kukipa jina. Nikadhani labda ni masikio yangu yamezoea kaseti mbovu.

MWANAIDI: Masikio yako mazima. Zile kanda za harusi zilizokuwa zikiuzwa Mji wa Kale, watu wakizilalamikia kelele, zile kelele ndizo sisi. Sisemi sidii hizi hazina maana. Kwa Zein naona zafaa sana, udi wataka utulivu. Lakini Maulidi bila kina mama ni nusu.

SALIM: Basi mimi nataka vyote viwili. Nataka ule ukucha wa Zein, na nataka kelele za kina mama.

MWANAIDI: Ndiyo maana nami leo sikuja mikono mitupu. Tazama.

SALIM: Kaseti! Ya lini hii?

MWANAIDI: Harusi ya dada yangu mkubwa, Majengo. Mwimbaji simtaji, wenyewe mtamtambua. Ukanda ulikuwa umelegea, nimeukaza jana kwa kalamu ya biki. Kuna mahali, upande wa pili, utasikia kigelegele kirefu kuliko vyote. Yule ni mama, Mungu amrehemu.

SALIM: Amina. Tuisikie?

MWANAIDI: Sogeza hiyo redio. Pole pole, kitufe chake hunasa.

*[Sauti ya kaseti ikianza]*