Risasi haiko kiwandani tu: mazungumzo na wazazi wa watoto wadogo

Haya jamani karibuni, nyinyi mliosimama mlangoni ingieni, mkeka upo huku mbele. Leo tunaongea madini ya risasi, hii metali laini nzito iliyomo kwenye betri za gari, na nawalenga hasa wenye watoto chini ya miaka sita, maana hao ndo wanaoumia zaidi.

Najua hapa Mombasa ukitaja risasi kila mtu anasema Owino Uhuru, ule mtaa uliotiwa sumu na kiwanda jirani. Ni kweli, kile kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza 2007 kikafungwa 2014, mwanaharakati Phyllis Omido na wenzake wakapigana kortini miaka na miaka mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha ile fidia ya wakazi ya shilingi bilioni 1.3 iliyokuwa imefutwa kwenye rufaa. Sawa. Ila mimi kinachonikera ni watu kuamini kwamba kiwanda kikifungwa basi yameisha, wakati risasi haiozi, ikishaingia kwenye udongo imekaa, na tena kuna nyumba haijawahi kupakana na kiwanda chochote na risasi imo ndani.

Baba ni fundi betri, jioni anarudi na ovaroli yake ile ile, mtoto anamkimbilia, anambeba. Au ni mvuvi, anayeyusha risasi hapo uani amimine chubwi za nyavu, halafu sufuria ile ile kesho inachemshiwa maharagwe (msicheke, mnajijua). Kuna rangi ya zamani inabanduka dirishani, hasa zile njano na nyekundu zilizokolea. Na wanja, bibi zangu mtanisamehe, huu wa manga wa jiwe, ule unaong'aa ukisagwa, mara nyingi hilo jiwe ni risasi yenyewe, na sisi tunampaka mtoto wa siku saba, anafikicha jicho, anatia kidole mdomoni.

Hapo mdomoni ndo penyewe. Mtoto anatambaa, kila kitu analamba, na utumbo wake unafyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, inapanda kwenye ubongo ambao bado unajengeka, nyingine inajificha kwenye mifupa miaka mingi, hata msichana akija kubeba mimba inatoka kule inamfikia mtoto tumboni. Na usingoje dalili, mara nyingi hazipo. Zikija ni tumbo, kukosa choo, damu kupungua, kuchelewa kuongea, tunasema mchango, tunasema kijicho. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kilicho salama, na risasi kwenye damu ikifika mikrogramu 5 kwa desilita lazima itafutwe inatoka wapi.

Sasa nyumbani, kubwa ni vumbi. Acheni kufagia kukavu, unalirusha tu hewani linamshukia mtoto, pitisha tambara bichi sakafuni na madirishani. Nguo za kazi zivuliwe nje zifuliwe peke yake, baba aoge kabla ya kumshika mtoto. Rangi kuukuu usiikwangue kavu wala usiichome. Ukinunua mpya uliza kama risasi yake haizidi sehemu 90 kwa milioni, mwenye duka akikukodolea macho nenda kwingine.

Mama pale nyuma kauliza kama maziwa yanaondoa sumu, maana kwenye magereji wanapewa. Hapana mama, maziwa hayaisafishi. Ila mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu anafyonza risasi nyingi zaidi, kwa hiyo mpe maziwa, dagaa, maharage, mchicha, na asishinde na njaa. Hizo dawa za kusafisha damu zinazouzwa stendi usimpe kabisa. Kama kwenu kuna kazi ya betri, mwambie daktari wazi wazi "nataka apimwe risasi kwenye damu", maana usiposema watampima malaria utarudi nyumbani na panadol.