Kontena la Msaada Likifika Kilindini: Mhadhara kwa Viongozi wa Asasi za Pwani

Ndugu zangu mliotoka Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, na nyinyi wenyeji wa hapa Mombasa, salaam. Nimeombwa nizungumzie sekta ya hisani nchini Kenya. Kaunti ni 47 na saa niliyopewa ni moja, kwa hiyo nitashika jambo moja tu, ambalo hupita mlangoni kwetu kabla halijawafikia wenzetu wa bara: kontena la msaada. Vitanda vya hospitali, vitabu, viti vya magurudumu, nguo, kompyuta. Vyote hivyo hushukia bandari yetu ya Kilindini, na vingi hukwama papo hapo.

Neno langu ni hili. Msaada wa vitu una bei, na bei hiyo humwangukia anayepokea. Anayetuma hulipa nauli ya meli akaona amemaliza. Waswahili walishasema rahisi ni ghali, na cha bure ndicho ghali zaidi kikikaa bandarini. Kwa hiyo hesabu ifanywe wakati kontena lingali tupu huko litokako. Meli ikishang'oa nanga, mlicho nacho si hesabu tena, ni deni.

Tuanze na jina. Asasi zetu zimesajiliwa chini ya sheria mbalimbali. Vikundi vya jamii viko chini ya sheria ya mwaka 2022, ile inayotaka wanachama wasiopungua 10. Jumuiya zina sheria yao ya zamani, amana na wakfu zina zake, na mashirika ya manufaa ya umma, PBO, yako chini ya sheria iliyotiwa saini Januari 2013 ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Ndiyo, ililala kabatini zaidi ya miaka 11. Leo si siku ya kuilalamikia. Usajili wowote mlio nao, afisa wa forodha atatazama kitu kimoja kwanza: je, jina lililo kwenye hati ya shehena, ile ambayo mawakala wote wa kutoa mizigo Kilindini huiita BL, ni lilelile lililo kwenye cheti cha usajili na kwenye PIN ya KRA, ile namba ya mlipakodi? Lilelile kwa herufi. Mfadhili huko Ulaya huandika jina analolijua yeye, lililo kwenye fulana zenu. Akaongeza neno "Trust", akaacha neno "Group", akaandika jina la mwenyekiti. Kulirekebisha jina meli ikiwa baharini kunalipiwa, na kulirekebisha kontena likiwa tayari limeshuka kunalipiwa huku siku zinahesabika. Dawa yake ni ndogo mno: mtumieni picha ya cheti na ya PIN, mwambieni anakili, kisha mwambieni awaletee rasimu ya BL mwisome kabla haijatolewa. Kikundi kisicho na PIN yake chenyewe kisikubali kontena hata moja. Na msikubali "tutumie PIN ya katibu". Mzigo utakuwa wa katibu, na ushuru wake pia.

Sasa ushuru. Wengi huamini shirika la hisani halilipi kodi. Cheti cha msamaha wa kodi ya mapato ni kitu kingine kabisa, kinahusu mapato yenu. Hakifungui geti la bandari. Msamaha wa shehena huombwa Hazina ya Taifa, kwa shehena ile, kwa barua inayotaja vitu vile. Ombi huambatanishwa na cheti cha usajili, hati ya zawadi kutoka kwa mtoaji, orodha ya vilivyopakiwa, ankara yenye thamani, na maelezo ya nani atavipokea na kwa kazi gani. Barua inataka kutoka kabla mzigo haujafika. Wekeni miezi 3 mbele, na msiruhusu kontena lipakiwe mpaka barua iwe mkononi.

Hapo kwenye thamani pana mtego. Watoaji hupenda kuandika kwenye ankara kwamba vitu havina thamani ya kibiashara, wakidhani wanatusaidia. Forodha haiwezi kukokotoa sifuri. Itavithamini yenyewe, na makadirio yake mara nyingi yatazidi yale ambayo mtoaji angeandika kwa haki. Aandike bei ya kweli ya kitu kilichotumika, kitanda kwa kitanda.

Tupige hesabu moja, ya mfano tu. Tuseme thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima ni shilingi 2,600,000, na tuchukulie ushuru wa forodha wenyewe ni sifuri. VAT ya asilimia 16 ni 416,000. Ada ya tamko la uagizaji, IDF, asilimia 2.5, ni 65,000. Ushuru wa maendeleo ya reli, asilimia 2, ni 52,000. Jumla 533,000. Sasa mmepata barua ya msamaha, mkashangilia. Isomeni mara ya pili. Ikiwa inataja VAT peke yake, bado mna 117,000 za kutoa. Naona mama pale nyuma anatikisa kichwa, inaelekea yalishamfika.

Na hapo hatujagusa malipo ya kampuni ya meli ya kuachia mzigo, amana ya kontena lenyewe, malipo ya bandari, ya bohari ya makontena kama mzigo umepelekwa huko, ya wakala, ya makuli, na ya trela. Siwapi tarakimu kwa sababu hubadilika. Ombeni makadirio ya maandishi kwa mawakala watatu wenye leseni, kila kitu na mstari wake. Wakala anayekupa jumla moja ya mdomo, "nipe laki tatu nitamaliza kila kitu", muageni kwa heshima.

Kuna saa mbili zinazokwenda kwa pamoja, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya bandari: siku chache za bure, kisha mnalipia nafasi ambayo kontena limekalia. Ya pili ni ya kampuni ya meli, mwenye sanduku lenyewe la chuma: naye ana siku zake za bure, kisha demareji, yaani malipo ya kulichelewesha kontena, ambayo huhesabiwa kwa dola na kupanda kadiri siku zinavyosogea. Saa hii ya pili haisimami mzigo ukitoka bandarini. Inasimama siku kontena tupu linaporudishwa kwenye yadi yake, limefagiliwa, halina tundu wala bonde. Kwa hiyo kontena lililofika salama shuleni Kinango likaachwa uwanjani wiki mbili kwa sababu mgeni rasmi hajapata nafasi ya kuja kulifungua, linakula pesa kila usiku. Shusheni vitu, rudisheni sanduku, sherehe itafanyika na vitanda vikiwa vimepangwa ukutani. Na mtoaji anapoweka nafasi kwenye meli, aombe siku za bure 14 au 21, ziandikwe. Huko huombwa na hupatikana. Kuziomba hapa baada ya mzigo kufika ni kubembeleza.

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 nayo ina kalenda yake. Mzigo usiotolewa tamko la forodha ndani ya siku 21 unaweza kuhamishiwa ghala la forodha, na baada ya tangazo la siku 30 ukapigwa mnada. Vitanda vya msaada hununuliwa na mfanyabiashara halali, kwa mnada halali. Hakuna aliyeiba.

Nataka sasa mlitazame kontena linapofunguliwa. Afisa wa forodha analinganisha namba ya sili na ile iliyo kwenye BL, sili inakatwa, mlango unavutwa, na joto linatoka limebeba harufu ya karatasi iliyovia. Safarini kontena hupitia joto na baridi, unyevu ukajikusanya kwenye dari na kudondoka. Magodoro ya juu yana madoa meusi ya kuvu. Mifuko ya kunyonya unyevu ingening'inizwa ndani, na magodoro yakafungwa nailoni, yasingefika vile. Afisa ana orodha ya vilivyopakiwa mkononi. Ikiwa imeandikwa "katoni 1 hadi 40, vitabu vya shule ya msingi, kilo 15 kila moja", atafungua chache, alinganishe, aendelee. Ikiwa imeandikwa "vitu mchanganyiko vya msaada", basi makuli watashusha vyote hadi sakafu ya mwisho, kwa gharama yenu. Na kule mwisho kabisa, nyuma ya vitabu, kuna katoni moja isiyo na namba. Ndani mna chupa za dawa ya kikohozi, nyingine zimefunguliwa, na vidonge vya presha vya mzee fulani aliyefariki, ambavyo mjane wake kwa moyo mwema aliona visipotee. Dawa zinataka kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu. Kibali hakuna. Kontena zima la vitabu limesimama kwa sababu ya katoni moja.

Ndiyo maana kila katoni ipewe namba, na mtu mmoja huko wanakopakia abebe dhamana ya kuhakikisha hakitiwi kitu baada ya orodha kufungwa. Dawa zisafiri peke yake au zisisafiri kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja wa uhai zinapofika, na dawa zilizorudishwa na wagonjwa hazipokelewi. Nguo zilizotumika huulizwa cheti cha kufukizwa. Gari, hata likiwa la wagonjwa, linakumbana na kanuni ya umri usiozidi miaka 8. Ulizeni Shirika la Ubora wa Bidhaa kabla ya kumshukuru mtoaji, na mulize usukani uko upande gani.

Nguo nitazisema bila kuficha: msizipokee. Mji wenye soko la mitumba la Kongowea hauhitaji kontena la mashati kutoka Hamburg. Madawati nayo fundi wa jua kali wa hapa anayaunda, na pesa inabaki mtaani kwake. Jumlisheni gharama zote nilizozitaja mpaka mlangoni kwenu, mgawanye kwa idadi ya vitu vinavyofaa, kisha mwende dukani mwulize bei. Kipya cha hapa kikiwa nafuu, mwandikieni mtoaji barua ya adabu, mwekeeni hesabu hiyo, mwombeni fedha badala yake. Viti vya magurudumu vilivyopimwa, vitanda vya kujifungulia, mashine zenye vipuri na kitabu cha maelezo, hivyo mara nyingi vinastahili safari. Mashine isiyo na vipuri haistahili, hata iwe ya kampuni gani, na ya umeme wa volti 110 itaungua siku ya kwanza.

Mzee wangu hapa mbele ameuliza: vikishatoka, tukiuza vichache tulipie trela, kuna ubaya? Upo. Vitu vilivyoingia kwa msamaha vimefungwa na kazi iliyotajwa kwenye barua. Mkiviuza au mkivigeuza kazi bila idhini, ushuru uliosamehewa unarudi na unadaiwa. Pesa ya trela iingie kwenye bajeti tangu mwanzo, na mtoaji achangie.

Makabidhiano yaandikwe: kitu, namba yake ya pekee kama ipo, zahanati au shule iliyopokea, cheo na saini ya mpokeaji, muhuri, tarehe. Kwa watoto, picha isipigwe bila idhini ya mzazi au mlezi. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inahusu hata asasi ndogo. Barua ya Hazina, BL, ankara, orodha, risiti na fomu za makabidhiano zikae kwenye faili moja kwa miaka 5, maana forodha wana haki ya kurudi kuuliza. Risiti zilizochapwa kwenye karatasi ya joto, zile za bohari na za mafuta ya trela, zitoleeni nakala siku hiyohiyo. Kwa fukuto la Mombasa, baada ya miezi michache mtafungua faili mkute karatasi nyeupe.