Kipovu Hakijali Umepanda Basi au Ndege

Mbukwenyi! Asanteni. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini nizungumzie utunzaji wa macho baada ya upasuaji wa retina, na ninyi mnaonifahamu mmeshajua nitaanzia wapi. Naanzia stendi.

Retina, ule utando wa ndani nyuma ya jicho unaopokea picha, na jinsi sukari inavyouharibu, hayo sirudii leo. Leo tuna mtu aliyekwisha kupasuliwa. Retina yake ilikuwa imeachia, daktari ameirudisha mahali pake, kitundu amekizungushia leza, halafu ndani ya jicho ameacha kipovu cha gesi. Umewahi kuziba pancha ya baiskeli? Unabandika kiraka, unakikandamiza kwa kidole mpaka gundi ishike. Kipovu ndicho kidole. Kwa hiyo ukitoka thieta kazi bado inaendelea, na safari hii fundi ni wewe.

Sasa, kuna mzee mmoja wa huku kwetu Dodoma nilimpokea miaka ya nyuma. Wengine mmeshamsikia, msikieni tena. Alipasuliwa Dar es Salaam, akaruhusiwa, akapewa onyo moja tu: usipande ndege. Mzee akacheka. Ndege aitolee wapi? Akakata tiketi ya basi. Morogoro kichwa kikaanza kugonga. Gairo anatapika, abiria wanampa ndimu wakidhani ni gari limemchafua. Anafika kwangu, jicho gumu kama gololi. Presha ya jicho tuliishusha kwa dawa, lakini uoni aliokuja nao hakuondoka nao wote.

Alikosea nani? Mzee alitii neno kwa neno! Aliyekosea ni aliyemtajia ndege akasahau kumtajia mlima. Dar iko usawa wa bahari, na hapa tulipokaa tuko zaidi ya mita 1,100 juu yake. Ukipanda, mgandamizo wa hewa ya nje unapungua, na gesi iliyofungiwa mahali inavimba. Hamniamini? Mkishuka Dar, maliza maji ukiwa hapa, kaza kizibo kwenye chupa tupu, uitie kwenye begi. Ukifika utaikuta imebonyea mbavu. Ukiwa unapanda mambo yanageuka, kilichofungiwa kinataka kutanuka, na jicho halina pa kutanukia. Linajaa presha, mshipa wa kuonea unakosa damu.

Mama pale nyuma ananong'ona, "Tukae Dar kwa nani?" Swali la haki kabisa, na jibu lake linatakiwa kutafutwa kabla ya kisu. Mwambie daktari mapema: nyumbani kwangu ni Dodoma, nitapanda. Kuna gesi inayokaa kama wiki mbili, SF6, na kuna C3F8 inayoweza kufika wiki nane. Kuna mafuta ya silikoni, ambayo hayavimbi kwa mwinuko, ila mara nyingi utarudi kutolewa baada ya miezi. Si kila jicho linafaa kila kimoja, lakini daktari asiyejua unakoishi atachagua bila kukufikiria barabara. Na wewe kijana wa treni, nimekuona. Ndiyo, SGR ni laini. Nani amesema tatizo ni mashimo? Treni inapanda mita zile zile, tena kwa haraka zaidi. Waliotibiwa Moshi nao wasijipongeze, maana wakirudi kwa njia ya Arusha wanapanda kwanza. Safari ni pale daktari atakapokuangalia akasema kipovu kimekwisha, au kimebaki kidogo cha kuruhusu.

Wewe mwenyewe utakiona kikiisha. Mwanzo huoni kitu, ukungu mtupu. Baadaye unatokea mstari unaocheza kama maji kwenye glasi, na kila siku unashuka. Usiogope, jicho halijajaa maji, ni kipovu kinapungua.

La pili ni kulala. Gesi huelea juu siku zote, kwa hiyo kichwa kinawekwa ili kipovu kikae penye kitundu. Wengine wanaambiwa kifudifudi, wengine ubavu wa kushoto au kulia. Usiige wa jirani! Anayeharibu hapa ni wageni, na nasema nikijua nitachukiwa. Watu wanakuja kutoa pole, mgonjwa anaona haya kuwasalimu wakwe akiwa kainamisha uso kwenye mto, anaketi, anamimina chai, saa mbili zimepita. Wageni wanaondoka, wanakuja wa kanisani. Mimi huwaambia familia, mlangoni akae shangazi mkali. Mkwe akija, asalimiwe na mgongo. Atakayenuna, anune, retina ikiachia mara ya pili yeye hatalipia kuirudisha.

Na usiniambie binamu yako alitolewa mtoto wa jicho akarudi shamba mapema. Ile ni operesheni nyingine, ya mbele ya jicho.

Mwenyekiti ananionesha saa. Haya, haraka. Matone: nawa mikono, ncha ya chupa isiguse jicho, na ukiandikiwa aina mbili acha dakika tano kati yake. Yale yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, usiyaendeleze kwa kujinunulia dukani, yanaweza kupandisha presha ya jicho. Usilisugue. Usiku vaa ngao ya jicho, mchana vaa miwani, upepo wa mji huu na vumbi lake mnaujua. Jicho likiuma sana, uoni ukishuka, ukiona mimweko kama radi au kivuli cha pazia kinaingia ubavuni, nenda siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Jicho la pili nalo likaguliwe. Sukari na presha ya damu... nilikuwa na mengi, basi, siku nyingine.

Kikuku cha onyo la gesi ulichofungwa mkononi hospitalini usikikate. Ukipata ajali ya bodaboda ukapelekwa thieta, mtu wa usingizi lazima ajue una gesi jichoni, kwa sababu nitrasi oksaidi, gesi ya usingizi, nayo inakivimbisha kipovu.

Kuna yeyote humu ana kikuku sasa hivi? Baba, wewe? Unarudi wapi leo? Singida? Hapana, Singida ni juu zaidi ya hapa. Tiketi hiyo iweke kwanza, njoo hapa mbele tupige simu kwa daktari wako.