Andika "mama" kwa visoda saba, uone meseji yako inavyohesabiwa

Mambo vipi wapendwa, karibuni tena. Leo kabla hatujaanza nenda katafute visoda saba, vile vile tunavyochezea drafti, vipange mezani mstari mmoja halafu chini ya kila kimoja andika namba kwa chaki ukianzia mkono wa kulia: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64. Yaani kila ukisogea kushoto namba inazidishwa mara mbili.

Umepanga? Sawa. Sasa kisoda kikiangalia juu unahesabu namba yake, tunaandika 1, kikilala kifudifudi unakiruka, tunaandika 0. Kila kisoda ni biti moja. Ndani ya simu badala ya visoda kuna transista, vidude vidogo mno ambavyo vinapitisha umeme au havipitishi, na watu huniuliza sana kwanini viwe na hali mbili tu, si wangeweka kumi tuhesabu kama kawaida? Fikiria mtu yuko ng'ambo ya mto usiku anakupa ishara kwa tochi. Akisema mwanga robo maana yake hivi na nusu maana yake vile utakosea tu, ukungu ukipita umeshapotea, lakini imewaka au imezimwa hapo hukosei. Umeme nao unayumba hivyo hivyo.

Twende kwenye herufi. Kisoda hakijui herufi, kinajua namba tu, kwahiyo ilibidi watu wakubaliane namba gani ni herufi gani. Orodha maarufu sana inaitwa ASCII, ilitoka Marekani mwaka 1963 na herufi ndogo zikaingia 1967. Humo A kubwa ni 65, a ndogo ni 97, zinazofuata unahesabu kwenda mbele.

Tuandike mama. Herufi m ndogo ni 109, anza na kisoda kikubwa: 64 inaingia, geuza juu, imebaki 45, 32 inaingia, imebaki 13, 16 haiingii iache imelala, 8 inaingia, 4 inaingia, 2 haiingii, 1 inaingia imeisha. Soma mezani: 1101101. Halafu a ni 97, hiyo rahisi, 64 na 32 na 1, unapata 1100001. Rudia zote mbili na neno mama limekamilika, biti 28. Kabla hujavuruga rudi kwenye ile m, laza kisoda cha 32 peke yake, usiguse kingine. Imebaki 77, ambayo ni M kubwa! Herufi zote 26 ziko hivyo, kubwa na ndogo zinatofautiana kisoda kimoja tu, mimi hapa ndipo nilipoipenda hii kitu.

Sasa sikilizeni vizuri maana hili linagusa mfuko. Meseji ya kawaida ya simu ina nafasi ya biti 1120. Kila herufi ikichukua biti 7, gawanya, unapata herufi 160, ndio ile 160 mnayoijua. Lakini emoji haimo kwenye orodha fupi ya herufi za biti 7 ambayo meseji hutumia, ukiweka hata moja meseji yote inahamia mfumo wa biti 16 kwa kila herufi, 1120 gawa kwa 16 unabaki na 70, na emoji kama ile ya kucheka inakula nafasi mbili.

Kiswahili chetu chote kinaenea kwenye biti 7, hata ng' inaenea, mradi kile kialama chake, ritifaa, kiwe kimenyooka. Kikiwa kile kilichopinda ambacho kompyuta inakiweka yenyewe ukiandika, umeshahamia biti 16. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya harusi, tulinunua meseji 300 za kutuma kwa pamoja kwa wachangiaji 300, tangazo lina herufi 150 tu, nikalikopi kutoka kwenye kompyuta. Meseji ikigawanywa vipande kila kipande kinapoteza nafasi kidogo ya kuviunganisha, 70 inakuwa 67, kwahiyo 150 zikawa vipande vitatu, kila kipande kikahesabiwa meseji moja, na watu 100 tu ndio waliopata. Iliniuma sana, zile ni hela za watu, na kosa lilikuwa ritifaa moja kwenye neno ng'ombe.

Kwahiyo fungua sehemu ya kuandikia meseji sasa hivi, andika herufi kadhaa uangalie kihesabio kama simu yako inacho, weka emoji moja uone namba inavyoporomoka, kisha ifute. Ukikopi tangazo kutoka kompyuta futa kila ritifaa uiandike upya kwa simu, angalia imenyooka, ndio utume.